Tulipoisoma Simu kwa Karatasi

Mimi ni mtu nisiyetulia. Hata msibani nakaa karibu na mlango. Chai yangu hupoa kwa kusahauliwa, na nikianza kukunja nguo, shati la tatu litabaki limening'inia begani kwa sababu nimekumbuka jambo jingine. Simu haikuniharibu kama wasemavyo watoto wangu. Ilinikuta hivi hivi, ikanipa tu mahali pa kuupeleka wasiwasi wangu. Nachungulia hapa, nacheka, naruka, nachungulia pale, nakasirika, naruka. Mpaka mteja anagonga kaunta nimeshazunguka nchi nzima, na ukiniuliza nimeona nini sina jibu.

Nina steshenari ndogo Mkuza, hapa Kibaha. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Ni kazi ya kusubiri: unasubiri umeme, unasubiri mtandao, unasubiri mashine ipoe. Katika kusubiri ndiko nilikojifunza kuandika komenti. Sikuwa mtu wa kuposti picha zangu. Nilikuwa na akaunti yenye picha ya ua jekundu, na kazi yake ilikuwa moja tu, kupita chini ya mambo ya watu na kuacha sentensi. Nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu. Watu walicheka.

Mwaka ule shangazi yangu, dada wa baba, aliletwa kwangu kutoka Marui, Kisarawe, ili atolewe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alisema ataanza na moja, lipone, ndipo aguse la pili. Kwa hiyo alikaa miezi. Nilimwekea kitanda cha mchana kule nyuma ya duka, penye feni, nikawa namtia dawa ya matone kati ya mteja na mteja.

Shangazi alifundisha madrasa Marui tangu mimi sijaolewa. Watoto asubuhi, akina mama alasiri. Likizo zangu za utotoni nilizimaliza kwenye mkeka wake, na hata leo nikisikia mtu akikohoa kidogo kabla ya kusema najikuta nimenyoosha mgongo. Alikuwa na namna yake ya kusomesha. Msomaji mmoja anasoma mstari mmoja, si miwili, kisha anasimama. Halafu anauliza maswali yale yale matatu: nani anasema, anasema na nani, na ameona nini. Mpaka yajibiwe, mstari wa pili hauguswi. Tuliweza kumaliza wiki nzima kwenye nusu ukurasa. Nilikuwa nachukia. Nilikuwa nikisoma huku macho yangu yameshafika chini ya karatasi.

Siku ya nne tangu afike, jicho lake moja likiwa limefungwa bandeji, nilicheka kwa sauti nikiwa kaunta.

"Unacheka nini?" akaniuliza kutoka nyuma.

"Hamna, shangazi. Mambo ya simu."

"Nisomee na mimi nicheke."

Nikamsomea. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba ukiona mke wako anafagia huku anaimba, kaa mbali. Chini yake kulikuwa na watu wengi wanacheka.

"Nani anasema?" akauliza shangazi.

"Sijui. Mtu tu."

"Anasema na nani?"

"Na kila mtu."

"Ameona nini?"

Hadi hapo mzaha ulikuwa umeshakufa mikononi mwangu. Nilikasirika kidogo, lazima niseme, kwa sababu dakika moja kabla ulikuwa mzaha mzuri.

Lakini hakuacha. Kila nilipocheka aliomba asomewe, na kila nikimsomea alinikamata. "Umeruka," alikuwa ananiambia. "Sauti yako imeruka. Rudi." Kweli nilikuwa nimeruka, maana kidole gumba kilikuwa kinasukuma maneno juu kabla sijayamaliza. Siku moja akachoka. "Hebu yatoe kwenye karatasi," akasema. "Karatasi haikimbii."

Ndivyo ilivyoanza. Nikawa nachagua jambo moja la wiki, posti na komenti zake zote, natoa kwenye karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja, na Alhamisi baada ya swala ya alasiri tunalisoma. Alikuja kuungana nasi binti wa fremu ya jirani, msusi. Yeye mikono yake ilikuwa na kazi muda wote lakini masikio hayakuwa na kazi, na alikuwa akileta kiti chake na mteja wake, anasuka hapo hapo mlangoni kwetu. Tulimhitaji. Mimi nilidhani naijua lugha ya mtandaoni, kumbe najua ya watu wa umri wangu tu.

"Hapa anasema anatafuta kiki," nikasoma.

"Kiki ni nini?" akauliza shangazi.

"Bibi, kiki ni pale mtu anafanya kituko makusudi ili atajwe," msusi alimweleza. "Hata akitukanwa, yeye freshi tu."

"Basi hiyo hata kwetu ipo. Ila kwetu anayefanya hivyo tunamwombea dua."

Tulisoma mengi. Tulisoma ugomvi wa watu wawili wasiofahamiana kuhusu ugali, kama maji yachemke kwanza au unga uvurugwe kwenye maji baridi, na shangazi akagundua kwamba mstari wa tatu walikuwa wamekubaliana kabisa ila hakuna aliyeona, wakaendelea kutukanana kurasa mbili. Tulisoma tangazo la kijana aliyefiwa na baba yake. Chini yake watu wote walikuwa wameandika maneno yale yale ya pole, mstari kwa mstari, na shangazi hakuniruhusu kuruka hata mmoja. Nikawa nasoma pole, pole, pole, miguu inaniwasha. Halafu nikafika kwa mtu mmoja aliyeandika: "Mzee alikuwa anapenda kahawa yenye tangawizi nyingi, akinywa anafumba macho." Shangazi akasema nirudie. Nikarudia. Msusi alikuwa ameacha kusuka.

"Huyo ameona," shangazi alisema.

Na zile sura za manjano za kwenye simu zilitupa shida. Alitaka nimweleze kila moja. Ile inayocheka mpaka machozi ilimtatiza sana.

"Analia au anacheka?"

"Anacheka mpaka analia, shangazi."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Nyumbani kwao hakuna anayewasikia wakicheka namna hiyo?"

Nikamwambia hawacheki kweli, wengi wanakuwa wamenuna hivyo hivyo, wanabonyeza tu. Hilo hakulielewa, na nilipojaribu kumwelewesha nikaona na mimi silielewi.

Sasa hapa sina budi kusema jambo, maana bila hilo hadithi yote itakuwa ya uongo. Kabla shangazi hajaja, mchana mmoja karatasi ilikwama kwenye mashine, na wakati nangoja ipoe nilikutana na video fupi. Ilikuwa harusi ya kijijini. Kwenye uwanja wa mapishi mwanamke mmoja anapakua pilau kutoka kwenye sufuria kubwa na kuijaza kwenye ndoo ya bluu. Mwanamke wa pili, wa makamo, anaipokea ile ndoo, anaifunika na kanga, anajitwika na kuondoka akitabasamu. Anayerekodi anacheka. Basi, imekwisha.

Nikaandika: "Ndoo imekuja tupu, inaondoka na harusi nzima. Mtazameni bwana harusi, isije ikawa naye yumo humo."

Ilinichukua muda mfupi kuliko kutoa kopi moja. Nikachomoa karatasi iliyokwama, nikaendelea na kazi. Jioni nilipofungua simu, sentensi yangu ilikuwa juu ya zote. Kwa wiki nzima nilikuwa naifunua kila mara kuitazama, kama mtu anayepika wali kwa mara ya kwanza. Watu walichukua yale maneno ya mwisho wakaanza kuyatumia kila mahali. Mtu akipoteza kalamu ofisini, "naye yumo humo." Niliyaona yameandikwa nyuma ya bajaji pale kwenye kona ya barabara, kwa rangi nyekundu, na nilitembea hadi dukani nikicheka peke yangu. Sikumwambia mtu kwamba ni yangu. Ile siri yenyewe ilikuwa tamu.

Alhamisi moja msusi akasema leo anachagua yeye. Akanitumia, nikatoa kwenye karatasi bila kutazama, maana mteja alikuwa ananisubiri. Nilipokaa kwenye mkeka na kuishika ile karatasi ndipo nikaona ndoo ya bluu, na chini yake, mstari wa kwanza kabisa, ua langu jekundu.

Ningeweza kusema umeme umekatika. Ningeweza kusema mashine imeharibu. Badala yake nikakaa pale pale, huku msusi anamsimulia shangazi picha.

"Mama mmoja hivi bibi, kapewa ndoo ya pilau, kaifunika, huyooo. Imetrendi hiyo, balaa."

"Ndoo ya rangi gani?"

"Bluu. Mfuniko mwekundu, sio wa ndoo hiyo, kauning'iniza mkononi."

Shangazi alikohoa kidogo. "Anatembeaje?"

"Anaegemea upande mmoja hivi. Wa kulia."

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Nilisoma sentensi yangu kwa sauti mbele ya shangazi yangu, na msusi akacheka kabla sijaimaliza, na mteja wake akacheka, kichwa chake kikavutika kwenye rasta. Shangazi hakucheka. Alikuwa amekaa, bandeji sasa kwenye jicho la pili, uso ameuelekeza mlangoni.

"Huyo ni jirani yangu," alisema. "Wa Marui. Mguu aliumia akiwa msichana. Mfuniko ule nilimwazima mimi, wake ulipasuka."

Kisha akatueleza. Yule mama ndiye aliyekuwa akiongoza mapishi ya kila shughuli pale kwao, harusi, hitima, maulidi. Anaitwa siku mbili kabla. Tangu harusi ile hapiki tena kwa mtu. Akiitwa anasema anaumwa. Akipita, vijana wanaambiana kitu na kucheka, na watoto wamejifunza. Yeye hasomi, simu yake ni ile ya kupiga tu. Alikuja kwa shangazi kumuuliza nini kimeandikwa juu yake, na shangazi macho yalikuwa yameshafunga. Wengine aliowauliza walicheka, wakakataa kusema.

"Anajua anachekwa," shangazi alisema. "Hajui kwa neno gani."

Msusi akasema, "Aisee," taratibu, akarudi kwenye rasta zake. Tukaishia hapo siku ile kwa sababu shangazi alisema amechoka.

Jioni nikafuta ile komenti. Nilibonyeza, nikaulizwa kama nina hakika, nikabonyeza tena. Haikusaidia chochote, maana watu walishaipiga picha zamani, ilikuwa inazunguka peke yake bila ua na bila mimi. Bajaji nayo ilikuwa pale pale kwenye kona. Wiki ile sikuweza kukaa. Nilipanga karatasi upya, nikapangua. Nilimpa mteja cheti cha mtu mwingine. Nilimtia shangazi matone nikakosa jicho, yakamtiririka shavuni, akayafuta na ncha ya mtandio. Nilikuwa najiambia hakuna anayejua, na kila nikijiambia hivyo nilikuwa nasimama na kwenda kuchungulia nje kama nimeitwa.

Jambo lililonisumbua si kwamba nilikuwa sijui. Mimi nimezaliwa huko ndani ya Mlandizi, kwa wakulima. Mama yangu alikuwa akienda kwenye shughuli na beseni la mchele kichwani, mchele wa shamba lake, na beseni lile halikurudi nyumbani tupu hata siku moja. Mwenye shughuli hulijaza kwa kilichopikwa na kukurudishia. Ni heshima. Ukirudishiwa chombo kitupu umefukuzwa bila kutukanwa, na mama angelia. Sisi watoto tulikuwa tunamsubiri njiani kulipokea beseni. Haya yote nilikuwa nayajua. Niliiona ndoo ile ikijazwa, nikajua kwa nini inajazwa, na nikaandika kama mtu asiyejua, kwa sababu ilichekesha zaidi.

Alhamisi iliyofuata nilitayarisha karatasi nyingine, ya mambo ya mpira. Shangazi akaniambia nirudishe ile ya ndoo.

"Tuliisoma, shangazi."

"Hatukuimaliza. Soma mstari wa kwanza."

Nikasoma.

"Nani anasema?"

"Hajulikani, bibi," alisema msusi. "Kaweka picha ya ua."

"Ua halisemi. Anasema na nani?"

"Na watu wote wa mtandaoni."

"Na yule mama hayumo," shangazi alisema. "Haya. Ameona nini?"

Msusi alifikiri. "Ameona ndoo inajazwa pilau."

"Amesema ndoo imekuja tupu. Ameiona ikija?"

"Kwenye video haionekani ikija, bibi. Inaanzia hapo kwenye kujazwa."

"Basi huyu ni mtu wa kwetu," shangazi alisema. "Mgeni angesema mama huyu ana tamaa ya chakula, akaishia hapo. Asingewaza ndoo ilikujaje. Anayejua kwamba ndoo huja imejaa ndiye anayeweza kusema imekuja tupu. Huyu anajua desturi, na ameisingizia."

"Bibi, wewe ulitakiwa uwe polisi," alisema msusi.

Nikasema chai inachemka. Hakukuwa na chai yoyote jikoni. Nilisimama uani kati ya ndoo za maji na kamba ya nguo, nikakunja taulo moja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilikuwa naogopa, na najua hasa nilichokuwa naogopa. Mama na baba hawapo. Shangazi ndiye mtu wa mwisho duniani anayeniona mtoto mzuri, na nilikuwa sitaki kumaliza hilo kwa sentensi moja ya kijinga. Lakini kule Marui kulikuwa na mtu anayesema anaumwa kila akiitwa jikoni. Nilipima hayo mawili pale uani, na lazima nikiri kwamba kwa siku nyingi nilichagua langu.

Bandeji ya mwisho ikatolewa. Daktari akampa miwani, akamruhusu kurudi nyumbani. Siku tuliyokuwa tunafunga mizigo yake alikaa kitandani na miwani mipya, anasoma kila kitu, boksi la dawa, lebo ya shuka, kalenda. Kisha akafungua mfuko wake akatoa ile karatasi ya ndoo. Nilikuwa nimeitafuta wiki mbili niitupe. Akaisoma kimya, mdomo ukicheza.

"Shangazi," nikasema. Nilikuwa nimeshika kanga zake mikononi. "Ni mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Tangu siku ya kwanza. Mambo ya wengine unayasoma kama unakimbizwa. Hili ulilisoma kwa kuliremba. Ulipofika kwa bwana harusi ukasimama kidogo, watu wajiandae kucheka." Akavua miwani. "Mtu harembi maneno ya mwenzie hivyo."

Ni kweli nilisimama. Hata nikiwa nimeshikwa na hofu, nilisimama pale panapostahili ili watu wacheke. Nililia, na nililia kwa aibu hiyo kuliko nyingine zote.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Umekawia, mama." Akaikunja karatasi mara mbili, akanipa. "Mimi si wa kuombwa radhi. Ndoo haikuwa yangu."

Tulikodi gari ya jirani, tukapita Mlandizi, tukaingia barabara ya vumbi ya upande wa Kisarawe. Mlandizi nilishuka nikanunua ndoo mpya na kuijaza mchele wa Ruvu, nikaweka nazi mbili juu. Shangazi aliniona, akasogeza miguu ndoo ipate nafasi. Njia nzima nilikuwa nakunja na kukunjua kona ya ile karatasi mpaka ikachanika kidogo.

Yule mama alikuwa nyuma ya nyumba yake anamenya mihogo. Ile ndoo ya bluu ilikuwa pembeni yake, imejaa maganda. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko kwenye video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni wa kwa mwalimu?"

"Ndiyo, ni shangazi yangu. Nimemrudisha leo. Anakusalimu, na macho sasa yanaona."

"Alhamdulillahi." Akanivutia kigoda. Nikaweka ndoo yangu mbele yake, akafungua, akautazama mchele, akashukuru vizuri. Akaendelea kumenya. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Kibaha, na yalikuwa maneno mazuri. Nikayaacha yote.

"Mama," nikasema, "shangazi ameniambia ulikuwa unatafuta mtu wa kukusomea kile kilichoandikwa kwenye simu."

Kisu kikasimama. "Unacho?"

Nikatoa karatasi. Akaitazama picha kwanza, kwa muda mrefu, akaigusa ile ndoo kwa kidole chenye utomvu wa mihogo.

"Nisomee. Hicho wanachokicheka."

Nikasoma. Safari hii sikusimama popote. Nilisoma kwa sauti moja, taratibu, kila neno likasikika.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ndiyo hilo tu?" akasema. "Maneno hayo machache?"

"Ndiyo hayo, mama."

"Nani kaandika?"

Nilikuwa karibu na njia, kama kawaida yangu. Ningeweza kuinuka na kutembea.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama. Nilitamani anitukane, ningejua la kufanya.

"Ulikuwepo harusini?"

"Sikuwepo."

"Ndoo uliiona inakuja?"

"Sikuiona, mama. Nisamehe."

"Ilikuja na mchele," alisema. "Wa shambani kwangu. Nilipita nao mlangoni kwa shangazi yako asubuhi ile, akaniazima mfuniko kwa sababu wangu ulipasuka. Nilifika harusini saa kumi na mbili, nikapika mpaka adhuhuri." Alisema hivyo bila hasira, kama anayemweleza karani. Kisha akainuka, akiegemea kulia, akachukua ndoo yangu akaingia nayo ndani. Nikasikia mchele unamiminwa kwenye chombo. Nikasikia maji. Alikaa kule muda, na mimi nilikaa kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza sikumbuki kutaka kusimama.

Akatoka na ndoo yangu. Alikuwa ameiosha ndani na nje, ameikausha kwa kitambaa, amefunga mfuniko.

"Haya mama, nakushukuru," alisema. "Msalimie mwalimu."

Nikaipokea. Mkono wangu ulikuwa umejiandaa kwa uzito, kwa mihogo walau miwili, ukapanda juu wenyewe. Nikamuaga, akaniaga vizuri, akarudi kwenye kazi yake.

Kutoka kwake hadi kwa shangazi ni nyumba sita, na watu walikuwa wamekaa nje. Huko ndoo ikibebwa na mgeni kutoka kwa mtu, wote wanajua kutazama. Nilifika nyumba ya pili nikasimama, nikavua kanga yangu ya begani nikaifunika ile ndoo yote, nikajitwika kichwani kama vile ni nzito. Nikawasalimia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, za hapa, nzuri, huku nimeishika kwa mikono miwili isipeperuke.